Kumtafuta Aliyetoweka Zamani: Mwongozo kwa Mtafiti Asiye na Cheo

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamkamata Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, wakamtoa nje huku watumishi wa mahakama wakiona, wakampakia garini na kutokomea naye. Hadi leo familia yake haijapata mwili wa kuzika.

Kiwanuka hakuwa mtu wa kupotea kimyakimya. Aliongoza chama cha Democratic Party, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda kwa muda mfupi mwaka 1962 kabla ya Milton Obote, akafungwa na Obote mwaka 1969, akafunguliwa na Idi Amin, aliyempindua Obote mwaka 1971, na kupewa kiti cha Jaji Mkuu mwaka huohuo. Septemba 1972 aliamuru aachiwe Mwingereza mmoja aliyekuwa ameshikiliwa na wanajeshi, akisema jeshi halina mamlaka ya kumkamata mtu namna ile. Tarehe 17 ya mwezi huo wapiganaji wa Obote waliivamia Uganda wakitokea Tanzania. Siku nne baadaye Jaji Mkuu akachukuliwa, na Amin akadai kwamba waliomteka ni waasi hao.

Nimemtaja yeye kwa sababu kesi yake ni shule nzuri kwa mtu anayetaka kujifunza upelelezi wa kujitolea. Ina mashuhuda, ina tume, ina vitabu, ina uvumi wa kila rangi, na bado haijafungwa. Ukiielewa jinsi ilivyojifunga mafundo, utajua pa kushika utakapofuatilia habari za mtu asiyejulikana na yeyote nje ya ukoo wake: baba mkubwa aliyeondoka kwenda kazini mwaka 1976 asirudi, au shangazi aliyeshukia kituo cha basi na kumezwa na mji.

Kabla ya yote, punguza swali. “Nani alimuua?” ni swali la mahakama, na wewe huna mahakama. Huna hata uhakika kwamba aliuawa. Maswali yako yawe madogo, yanayoweza kujibika: nani alimwona mara ya mwisho, wapi, saa ngapi? Nani alikuwa wa kwanza kutoa taarifa, na alimpa nani? Gari lilielekea upande gani? Katika habari za Kiwanuka, saa za mwanzo baada ya kutolewa mahakamani zina thamani kuliko kurasa mia za makisio kuhusu kifo chake, kwa kuwa hapo ndipo macho ya watu yanakoma na masimulizi yanaanza.

Kisha nenda kwa wenyewe. Watafiti wengi wa kujitolea huanza na magazeti na kuikumbuka familia wakati kazi imekwisha. Huo ni utovu wa adabu, na tena ni hasara, maana familia ndiyo yenye barua, picha, risiti na tarehe ambazo hakuna ofisi iliyonazo. Jieleze wewe ni nani, unatafuta nini na utaifanyia nini habari utakayopata. Wakikataa, shukuru uondoke. Najua wapo watakaosema mtu mashuhuri ni mali ya historia na hahitaji ruhusa ya wanawe. Mimi sikubaliani nao. Soma nyaraka za wazi upendavyo, lakini mlango wa mjane usiuvunje.

Ukikaribishwa, chunga ulimi. Usimwite mtu “marehemu” au “hayati” kabla wenyewe hawajamwita hivyo. Nyumba nyingine hazikuwahi kuanua matanga kwa sababu hazikuwahi kuyaanza. Kwa familia ya Kiislamu jambo hili lina uzito wake: mtu asiyejulikana yu hai au amekufa ni mafkudi, na mpaka kadhi aamue, mkewe hajui kama ni mke au mjane na mirathi haigawiki. Kwa Waganda ipo shughuli ya olumbe, ambapo msiba huhitimishwa na mrithi kusimikwa. Uliza kwa upole ilifanyika mwaka gani. Jibu litakuonyesha ni lini familia ilikata tamaa, na mara nyingi kuna habari iliyowafikia muda mfupi kabla ya hapo, mtu fulani aliyetoka gerezani akawaambia neno. Huyo ni shahidi wako.

Sasa tengeneza daftari la matukio. Usiandike hadithi, chora safu tano: tukio, tarehe na saa yake, nani anasema, alisema lini, na alijuaje. Aliyesoma madrasa ataitambua kazi hii, kwa kuwa ni sanadi: habari haipokelewi mpaka ijulikane imepita kwa nani na nani. Safu ya tano ndiyo inayosumbua. Utashangaa ni mambo mangapi “yanayojulikana na kila mtu” ambayo, ukiyafuata nyuma, yanaishia kwa mtu mmoja aliyeyasikia baa. Usiyafute. Yaandike, na katika safu ya tano weka neno “alisikia”.

Tukija kwenye nyaraka, Uganda inakupa mfano usio wa kawaida. Mwaka 1974, baada ya kelele za nje ikiwemo ripoti ya Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, Amin mwenyewe aliunda tume ya kuchunguza kupotea kwa watu nchini tangu tarehe 25 Januari 1971, siku aliyotwaa madaraka. Mwenyekiti alikuwa Jaji Mohamed Saied. Tume ilisikiliza mashahidi 545 na kuorodhesha kesi 308. Ripoti ilikabidhiwa mwaka 1975, Amin akaifungia, na baadaye nakala zikawafikia watafiti. Unaweza kuuliza: tume iliyoundwa na mtuhumiwa ina faida gani? Ina faida kubwa, ukijua kuisoma. Acha hitimisho liwe la mwisho, anza na ushahidi. Wake na ndugu walisimama mbele ya tume hiyo Amin akiwa bado ikulu, wakataja siku, mahali na aina ya gari. Ni maneno ya watu waliokuwa na mengi ya kupoteza, tena yaliandikwa miaka miwili au mitatu tu baada ya tukio. Na licha ya mazingira yale, tume ilinyoosha kidole kwa vyombo vya dola vyenyewe: State Research Bureau, Public Safety Unit na polisi wa jeshi. Tume ya pili, chini ya Jaji Arthur Oder, iliundwa mwaka 1986 na ripoti yake ikatoka 1994. Hiyo ilikuwa na uhuru zaidi, lakini mashahidi wake walikuwa wakikumbuka mambo ya miaka 15 iliyopita. Ziweke mbili hizo bega kwa bega. Shahidi yuleyule akisema jambo lilelile mara zote mbili, una kitu. Akiwa ameongeza majina mara ya pili, jiulize ameyapata wapi.

Kuna chanzo kingine ambacho wapelelezi wa kujitolea hukisahau, nacho ni mafaili ya mali. Mwaka 1973 Uganda ilitunga sheria ya kusimamia mali za watu waliopotea, kwa sababu waliotoweka walikuwa wameshakuwa wengi, na nyumba, magari na akaunti zao za benki zilibaki bila mwenyewe. Ndugu waliotaka kusimamia mali hizo ilibidi waende mahakamani, na mahakamani mtu hueleza: mume wangu alitoka nyumbani siku fulani, amevaa hivi, hajarudi. Mke aliyeogopa kwenda polisi alilazimika kwenda mahakamani kwa ajili ya ada za watoto. Kwa hiyo, popote kesi yako ilipo, iwe Kenya, Tanzania au Uganda, tafuta maombi ya usimamizi wa mirathi, hati za viwanja, madai ya bima, malimbikizo ya mshahara, kiinua mgongo. Mwajiri huandika siku ambayo mtu aliacha kufika kazini, na karani wa mishahara hana sababu ya kusema uongo. Sheria za Kenya na Uganda humdhania mtu kuwa amekufa baada ya miaka 7 bila kusikika kwa wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake. Basi hesabu miaka 7 tangu kupotea, uangalie kama kuna ombi lililopelekwa mahakamani karibu na mwaka huo.

Magazeti yasome kwa namna mbili. Kwanza soma ya siku zilezile. Kwa Kampala ya 1972 hilo ni Uganda Argus, ambalo mwishoni mwa mwaka huo liligeuzwa kuwa Voice of Uganda, na Munno la Kanisa Katoliki kwa Kiganda. Mhariri wa Munno, Padri Clement Kiggundu, aliuawa Januari 1973, kwa hiyo usitarajie ujasiri wa wazi kwenye kurasa zile. Tazama kilichoachwa nje. Kisha soma ya nchi jirani, Daily Nation la Nairobi na Daily News na Uhuru ya Dar es Salaam, ambayo yaliandika mambo yasiyoandikika Kampala, ila nayo yalikuwa na siasa zake. Dar ilikuwa imewahifadhi watu wa Obote, na haikuwa na haja ya kumpendezesha Amin.

Redio je? Watu hudhani matangazo yalipotea hewani. Idara ya BBC iliyokuwa Caversham ilisikiliza redio za dunia na kuchapa kila siku muhtasari wa waliyoyasikia, Redio Uganda ikiwemo. Hapo utapata maneno ya tamko la serikali jinsi yalivyosomwa siku hiyo, kabla hayajarekebishwa. Taarifa za mabalozi nazo zipo: mafaili ya wizara ya mambo ya nje ya Uingereza yako Kew, London, katika mfululizo wa FCO 31 unaohusu Afrika Mashariki, na simu za maandishi za ubalozi wa Marekani kuanzia katikati ya 1973 zinasomeka bure kwenye intaneti. Tahadhari ni moja: balozi huandika alichoambiwa na watu wa tabaka lake kwenye karamu. Mpe safu ya tano kama wengine wote.

Picha pia zina neno. Mwaka 2015 katika ofisi za shirika la utangazaji la Uganda zilipatikana negativu zipatazo 70,000, nyingi zikiwa za miaka ya Amin, na mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Usiende pale ukitarajia kuona mateso. Wapiga picha walikuwa waajiriwa wa serikali na walipiga gwaride, mikutano na dhifa. Ila picha ya dhifa yenye tarehe inakuonyesha nani alikuwa Kampala siku hiyo, akiwa na cheo gani begani. Ushahidi mwingi wa mtu kusema “sikuwepo” huvunjikia hapo.

Na sisi wa huku kusini tusijione wageni katika jambo hili. Majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na waandishi Tony Avirgan na Martha Honey, waliofuatana nayo, wameeleza katika kitabu chao cha War in Uganda hali waliyoikuta makao makuu ya State Research Bureau pale Nakasero. Nyaraka zilitapakaa, na milango ilikuwa wazi kwa kila mpita njia. Wazee waliopigana vita vya Kagera wapo Musoma, Tabora, Songea. Mmoja wao anaweza kuwa na karatasi ndani ya sanduku la bati ambayo hajawahi kuulizwa habari zake. Ukiikuta, ipige picha pande zote mbili, andika aliipata chumba gani, umwachie mwenyewe.

Mipaka, kwa kweli, ndiyo huwafungua watu midomo. Julai 1971 Wamarekani wawili, mwandishi Nicholas Stroh na mhadhiri wa Makerere Robert Siedle, walikwenda kambi ya jeshi ya Mbarara kuuliza habari za askari waliouawa humo, wakapotea. Jaji David Jeffreys Jones aliyepewa kazi ya kuchunguza alizungushwa na jeshi, na hatimaye ripoti yake, iliyosema waliuawa na wanajeshi, ilitoka yeye akiwa ameshaondoka nchini. Aliyevunja ukimya alikuwa afisa wa kambi hiyohiyo, naye alikuwa ameshakimbia Uganda. Mwaka 1997 mtoto wa Siedle alirudi Uganda kumfuatilia baba yake, mtu binafsi asiye na mamlaka yoyote, na akapokelewa. Kwa hiyo unapokosa shahidi mjini, uliza waliohama, wale walioishia Nairobi, Arusha, London au Toronto.

Kuhoji wazee kunahitaji subira kuliko akili. Usiende na kinasa sauti mkononi siku ya kwanza. Amkia, kaa, sikiliza habari za mvua na magoti. Siku ya kurekodi, omba ruhusa na uitaje kwa sauti mwanzoni mwa rekodi. Uliza “ulikuwa wapi?” kabla ya “ilikuwaje?”, na usimwekee mtu jibu mdomoni. Ukisema “lile Peugeot jeupe lilikuja saa ngapi?” umeshampa gari na rangi, na wiki ijayo ataapa kwamba aliliona. Tarehe usiulize moja kwa moja, ifunge kwenye tukio kubwa. Kwa Uganda ya 1972 kila mzee anakumbuka kufukuzwa kwa Waasia: tangazo la Agosti, siku 90 za kuondoka, maduka kufungwa. Ilikuwa kabla ya maduka kufungwa au baada? Hapo mzee hukumbuka bila kusukumwa.

Msomaji wa Kiswahili ajue pia kwamba lugha yake si mgeni asiye na hatia katika nyumba za Kampala. Kwa wazee wengi wa Buganda, Kiswahili kilikuwa sauti ya askari mlangoni usiku. Ukianza mahojiano kwa Kiswahili fasaha cha Unguja unaweza kumfunga mjane mdomo bila kujua. Nenda na mtu wa Kiganda, umwache atangulie. Na shahidi akikunukulia maneno ya watekaji kwa Kiswahili, yaandike kama alivyoyatamka, na makosa yake yote. Ukiyasanifisha umefuta lafudhi, na huenda lafudhi ndiyo inayoonyesha askari alitoka wapi.

Kisha kuna kumbukumbu za kuazima. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa Amin, alikimbia mwaka 1977 na kuchapisha State of Blood, na mwaka 1981 ikatoka filamu ya kupanda na kuanguka kwa Amin iliyotengenezwa Kenya, ikaonyeshwa kumbi nyingi. Tangu hapo watu wengi hukumbuka walichokitazama. Si uongo wa makusudi, ndivyo akili ilivyo. Muulize shahidi alilisikia jambo hilo mara ya kwanza lini na kwa nani, na uthamini zaidi maelezo yaliyoandikwa kabla ya 1977. Kifo cha Kiwanuka kina masimulizi zaidi ya moja: yapo yanayompeleka gereza la kijeshi la Makindye, yapo yanayomweka mbele ya Amin mwenyewe. Hayakubaliani. Usiyachanganye ili yapatane. Kila moja lipe mstari wake daftarini likae na sanadi yake, hata ikibidi likae hivyo miaka 10.

Upande wa sheria, Uganda ina sheria ya haki ya kupata habari ya 2005, na haki hiyo imepewa raia. Wewe wa Kenya au Tanzania, shirikiana na raia wa Uganda atakayesaini maombi, na kwa mahojiano rasmi ulizia kwanza kibali cha utafiti: Uganda ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, Tanzania ni COSTECH, Kenya ni NACOSTI. Jina la mtu aliye hai unayemshuku usilichapishe, wala usilitaje kwenye kundi la simu. Ukikosea umemwangamiza asiye na hatia na kujiletea kesi ya kashfa. Usipokosea umemwonya. Mpe mwanasheria au polisi ulichonacho, na ikiwa polisi wenyewe ndio wanaoshukiwa, mpe mtetezi wa haki za binadamu anayeaminika. Watoto wa mtuhumiwa waache na maisha yao.

Mtu akikuonyesha mahali akasema “wamezikwa hapa”, usichimbe. Narudia kwa sababu kishawishi ni kikubwa. Jembe la mtu mwenye shauku huvunja mfupa, huchanganya udongo wa juu na wa chini, na baada ya hapo hakuna mtaalamu atakayeweza kusema nani alilala juu ya nani. Piga picha, andika vipimo kutoka kwenye mti au jengo lisilohama, nyamaza, peleka taarifa kwa wenye mamlaka. Wataalamu wa mifupa wa Argentina, walioanza kazi hiyo mwaka 1984 kutafuta waliopotezwa na utawala wa kijeshi, wameonyesha kwamba mabaki ya miongo mingi yanaweza kupewa jina, ilimradi yapatikane bila kuvurugwa na kuwe na ndugu wa damu wa kulinganisha naye. Wazee wa ukoo wakiwa bado hai, washauri wahifadhi sampuli za vinasaba kupitia maabara inayotambulika.

Kazi hii inaweza kukutawala. Weka siku zake, na siku nyingine ishi na wanao. Usikope fedha kwa ajili yake, na usipokee fedha kutoka kwa familia, hata za nauli, kwa kuwa utakapowaletea habari wasiyoitaka lazima uwe mtu usiyedaiwa.

Baada ya miezi kadhaa utakuwa na bahasha, rekodi na daftari. Toa nakala tatu. Moja ipate familia kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona, moja iende maktaba au hifadhi ya nyaraka inayopokea amana za watu binafsi, moja baki nayo. Ndani ya kila nakala weka ukurasa wa mahali ulipotafuta ukakosa: faili uliloambiwa limepotea, toleo la gazeti lisilokuwepo, mzee aliyekataa kusema, na tarehe ya kila jaribio. Wengi huona haya kuandika ukurasa huo, lakini atakayeifuata kazi hii baada yako ataufungua kabla ya kurasa nyingine zote, na utamwokolea nauli.